DARUBINI YA MWINDAJI: NAMBARI IPI INATOSHA?

Ukiishika darubini ya macho mawili na kuigeuzageuza, utaona mahali imeandikwa nambari mbili zenye alama ya kuzidisha katikati, kama vile 8x42 au 10x50. Wengi huisoma ile ya kwanza tu, halafu husema, "Lete ile kubwa!" Hata katika klabu yetu ya wanyamapori, tunapojadiliana ni darubini gani inunuliwe kwa pesa chache tulizochanga, hoja ni hiyo hiyo: ati ishirini inaishinda kumi, na kumi inaishinda nane. Mimi napinga. Ushahidi wangu nitautoa kwa wawindaji wa Marekani na Scotland, maana hao wanazijua nambari hizi kwa vitendo, na wao wakikosea kuona, mtu anaweza kufa.

Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo mfano sharti utoke mbali. Tena mnyama mwenyewe hatuna. Yule wanayemwinda si kulungu wetu wa vichakani, ingawa tumezoea kumwita hivyo tunapotafsiri. Biblia ya Kiswahili humwita ayala, nami nitalishika jina hilo. Dume la ayala lina pembe zenye matawi ambazo huanguka kila mwaka na kuota upya, ilhali pembe za kulungu na swala hazianguki. Yakumbuke hayo matawi, kwa sababu msituni yanafanana mno na vijiti vikavu.

Sasa tuingie darasani. Nambari ya kwanza ni ya kukuza. Ayala akiwa umbali wa mita 400, darubini ya 8 humleta kana kwamba yuko mita 50, na ile ya 10 humleta mita 40. Hebu tafakari: tofauti yenyewe ni mita kumi tu! Na hizo mita kumi hazitolewi bure.

Malipo ya kwanza ni mtetemeko. Mkono wa binadamu hautulii, hasa baada ya kupanda mlima, na darubini haichagui cha kukuza. Inamkuza ayala na inaukuza mtetemeko wako pia. Kwa 8 watu wengi hustahimili; kwa 10 inabidi uegemee mti au uketi uweke viwiko juu ya magoti; ukifika 12 au 15 bila kitu cha kuishikilia, sikio la mnyama linacheza ngoma mbele yako na huoni lolote. Wazee wa Scotland walilijua hili zamani. Walikuwa na darubini ndefu za jicho moja, zenye nguvu sana, lakini hawakuzitumia wakiwa wamesimama. Mtu alijilaza mlimani, akaiegemeza darubini kwenye fimbo au goti, ndipo akatazama.

Malipo ya pili ni upana. Darubini ya kawaida ya 8x42 huonyesha uwanja wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000. Ya 10x42 huonyesha kama mita 110. Katika milima iliyo wazi ya magharibi mwa Marekani hilo si neno, kwani mwindaji huketi mahali pamoja akapekua bonde polepole, kipande kwa kipande. Lakini katika misitu ya Pennsylvania au Michigan, ayala yuko mita 60 nyuma ya matawi. Humwoni mzima. Unaona sikio, pua nyeusi, au mstari wa mgongo uliolala miongoni mwa miti iliyosimama wima. Hapo nguvu ndogo inasaidia kwa njia nyingine tena: vitu vya karibu na vya mbali huonekana vizuri kwa pamoja, usilazimike kuzungusha gurudumu la katikati kila mara. Ukizungusha sana, ayala ameshakwenda zake.

Malipo ya tatu ni mwanga, na hapa ndipo nambari ya pili inapoingia. Hiyo ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Igawanye kwa ile ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2, 25 kwa 10, kama zile ndogo za mfukoni, ni 2.5. Jibu unalopata ni upana wa kijiduara cha mwanga kinachoingia jichoni. Mchana wa jua kali mboni ya jicho hubana mpaka milimita 2 au 3, hivyo zote zinatosha. Jioni mboni ya kijana hufunguka, na gizani yaweza kufika milimita 7 hivi, na hapo ile ya mfukoni inaonyesha kiza tu. Ayala naye hupenda kutoka kula alfajiri na magharibi. Sheria ya Scotland huruhusu kumpiga kuanzia saa moja kabla ya jua kuchomoza hadi saa moja baada ya kutua, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ndiyo kusema mwanga hafifu ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mtu atauliza: kwani bunduki haina darubini yake? Inayo. Lakini ukitafuta mnyama kwa hiyo, unaelekeza mtutu kwa kila kitu unachokitazama, akiwemo mwindaji mwenzako aliyeinama kichakani. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani huwalazimisha wawindaji wa bunduki kuvaa rangi ya machungwa inayong'aa. Darubini ya mkononi ndiyo ya kuamulia: ni pembe au ni vijiti? Ni mnyama au ni mtu?

Basi hukumu yangu ni hii. Msituni, 8. Mlimani kwenye uwazi, 10. Zaidi ya hapo, nunua na miguu mitatu ya kuisimamishia. Sisi ambao tutatazama kongoni kutoka dirishani mwa basi linalonguruma katika Mbuga ya Nairobi, au kumtafuta ndongoro katika msitu wa Aberdare, tuchukue 8x42.

Na msidanganywe na vidarubini vya mfukoni vilivyoandikwa 30x60. Pimeni lenzi ya mbele kwa rula: ikiwa ni milimita 22, ile 60 imetoka wapi? Kisha ishikeni darubini mbali na uso, mkiielekeza kwenye mwanga. Mtaona viduara viwili vyeupe kwenye lenzi za macho. Vikiwa vimekatwa pembeni badala ya kuwa mviringo kamili, mwambieni mwenye duka alete nyingine.