Maafikiano Kati ya Wapenzi Hujengwa Juu ya Nini?

Watu wawili wanapopendana na kuamua kuishi pamoja, matakwa yao hayageuki kuwa moja. Kila mmoja hubaki na mwili wake, hofu zake, ndugu zake na malezi yake. Kwa hiyo kutofautiana si dalili kwamba mapenzi yamekwisha. Ni jambo la lazima, kwa kuwa wao ni wawili. Somo hili linahusu kinachofuata baada ya tofauti kujitokeza, na hasa namna ya kutambua maafikiano yenye afya na yale yanayofanana nayo kwa sura tu.

Tuanze na maana mbili. Msimamo ni kile ambacho mtu husema anakitaka. Hitaji ni sababu inayomfanya akitake. Msimamo husikika wazi, lakini hitaji mara nyingi halijulikani mpaka mtu aulizwe, na aulizwe kwa upole.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila wa aina inayoweza kutokea katika kata ya Masieda, wilayani Mbulu, ambako watu huishi kwa kilimo na mifugo. Mume na mke wamevuna magunia 10 ya mahindi. Mume anataka yauzwe yote mara moja. Mke hataki liuzwe hata moja. Hiyo ni misimamo, nayo haikutani popote.

Njia inayokuja akilini haraka ni kugawa katikati: 5 yauzwe, 5 yabaki. Inaonekana ya haki. Sasa tuulize mahitaji. Mke amepiga hesabu kwamba familia inahitaji magunia 6 ili ifike mavuno yajayo. Mume anamwogopa dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati aliyegundulika Tabora karibu na mwaka 1980, ambaye kwa miezi michache huweza kuacha vumbi mahali palipokuwa na punje. Tena anahitaji fedha za dawa ya ng'ombe. Wakigawa katikati, mke amepungukiwa gunia moja hata kabla dumuzi hajaingia, na yale 5 yaliyobaki yako katika hatari ileile aliyoihofia mume. Kila mmoja amejinyima, na hitaji la chakula halikutimia.

Mahitaji yakishawekwa wazi, njia nyingine huonekana. Wanaweza kuuza magunia 2 sasa kwa ajili ya dawa ya ng'ombe na mifuko ya kinga njaa. Mifuko hiyo ina matabaka mawili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida. Ikifungwa vizuri hewa haiingii, wadudu waliomo humaliza oksijeni, huacha kula na hatimaye hufa. Magunia 2 mengine yanaweza kungoja hadi karibu na Januari, wakati ambapo bei kwa kawaida huwa juu kuliko wakati wa mavuno. Yanabaki 6. Dawa imepatikana, chakula kipo, na dumuzi amezuiwa.

Mmarekani Mary Parker Follett alizieleza njia hizi mnamo 1925. Alisema tofauti humalizwa kwa njia tatu: mmoja kumtawala mwenzake, wote wawili kupunguza madai yao, au kuyaunganisha mahitaji ili pasiwe na anayejinyima. Follett aliipenda ya tatu, na mfano wa mahindi unaonyesha sababu yake. Hata hivyo si kila tofauti huungana. Mtafiti John Gottman wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi, alikadiria kwamba asilimia 69 ya tofauti zao hazimaliziki, kwa kuwa zinatokana na tabia na makuzi. Hurudi kila mara. Hapo hakuna budi kupunguziana, na swali linakuwa: kila mmoja apunguze kiasi gani?

Ili kulijibu tunahitaji dhana moja zaidi, nayo ndiyo kiini cha somo. Tuiite pa kurudi. Pa kurudi ni hali ambayo mtu atakuwa nayo iwapo makubaliano yatashindikana. Mwanahisabati John Nash, akiwa na miaka 21, aliiweka katika hesabu mwaka 1950. Alipendekeza hivi: pima kila mmoja amepata kiasi gani juu ya pa kurudi pake, kisha zidisha faida ya mmoja kwa faida ya mwenzake. Mgawanyo bora ni ule unaotoa jibu kubwa zaidi.

Tujaribu taratibu. Tuseme manufaa ya kuishi pamoja ni vipimo 10, na pa kurudi pa kila mmoja ni 0. Mgawanyo wa 9 kwa 1 unatoa 9. Wa 7 kwa 3 unatoa 21. Wa 5 kwa 5 unatoa 25, nao unashinda. Sasa tubadilishe jambo moja tu: mume ana shamba na ng'ombe kwa jina lake, hivyo pa kurudi pake ni 4, na mke bado ana 0. Mgawanyo wa 5 kwa 5 sasa unatoa 1 mara 5, yaani 5. Wa 7 kwa 3 unatoa 3 mara 3, yaani 9, na huo ndio mkubwa. Hakuna aliyegomba wala kudanganya, lakini mke amepata chini ya nusu ya kile anachopata mume. Wachumi walianza kuitumia hesabu hii kuelezea ndoa miaka ya mwanzo ya 1980, na inafaa kusomwa mara mbili. Upole wa mazungumzo peke yake hauwezi kuufuta udhaifu wa yule asiye na pa kurudi.

Jirani na Mbulu, wilayani Hanang, Wabarabaig walilijua jambo hili kwa njia yao. George Klima, mwanaanthropolojia aliyeishi nao miaka ya 1950, alieleza kwamba bibi harusi alipewa ng'ombe na baba yake na ndugu zake. Mume aliwachunga, lakini hakuwa na uhuru wa kuwatoa bila ridhaa ya mke, na hatimaye walikuwa wa watoto wa mke huyo. Palikuwa pia na baraza la wanawake, girgwageda gademga, lililoweza kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya mifugo. Mke wa Kibarabaig aliposema ndiyo, alikuwa na mahali pa kusimama hata kama angesema hapana. Jamii ile ilikuwa na mamlaka makubwa ya wanaume katika mambo mengi, na hilo lisifichwe. Lakini katika hili iliona mbali.

Sheria ya nchi nayo inajenga pa kurudi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, humzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa.

Kutokana na haya yote, kipimo cha maafikiano yenye afya kinakuwa wazi: je, aliyekubali angeweza kukataa bila kudhurika? Kama angepigwa, kufukuzwa au kunyimwa chakula, alichotoa ni utii wa hofu. Ndiyo maana kipigo hakiwezi kuwa jambo la kujadiliana nusu kwa nusu. Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kwa mabishano mengine, baraza la usuluhishi la ndoa linaweza kuwasaidia wanandoa. Kwa kipigo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa ahadi ya mdomo.