Mtoto yuko Poland? Hesabu zloti, si euro

Mzazi wa Eldoret akitaka kumtumia mtoto pesa Poland, kwanza huuliza euro ni ngapi leo. Hapo ndipo tunapotea. Poland iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, lakini mpaka leo inatumia zloti. Kodi ya nyumba, mkate, tiketi ya basi, yote ni zloti. Ukituma euro kwa akaunti ya zloti, pesa inabadilishwa mara mbili, na kila mara kuna mtu anakata yake.

Tuchukue zloti moja kwa shilingi 32, karibu bei ya katikati ya 2024. Shilingi 32,000 ni zloti 1,000. Mtoto akipokea 950, umepoteza shilingi 1,600, hata kama uliambiwa kutuma ni bure. Kwa hivyo usiulize makato pekee. Uliza: atapokea zloti ngapi? Na mwezi wa kwanza ongeza, maana mwenye nyumba huko hudai depoziti juu ya kodi. Pesa ifike kabla ya wikendi pia, kwa sababu Jumapili nyingi maduka makubwa hufungwa kisheria. (Jaribu hiyo Eldoret uone!)

Huko wengi hulipa kwa BLIK: programu ya benki inakupa namba sita, unaziingiza dukani au kwenye ATM, unathibitisha kwa simu. Matapeli huteka Facebook ya rafiki, kisha wanaandika, "Nisaidie na namba ya BLIK, nitakurudishia kesho." Mwambie mtoto ampigie huyo rafiki kwanza, asikie sauti yake.