Meza ya Tanga 1914: Vidokezo 8 vya Kujenga Uwanja wa Vita Sebuleni

Visanamu vyako umeshavipaka rangi, vimejipanga rafuni na bunduki zao, halafu vita vyenyewe vinapiganwa juu ya kitambaa chenye maua. Jamani! Vitafutie vita vyenye anwani. Tuchukue pambano la Tanga la Novemba 1914: Waingereza walileta kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, wakatimuliwa na jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Kuna bahari, minazi, reli na nyuki. Unataka nini tena? Twende kazi.

1. Chagua vitu vitatu, vingine visubiri
Meza yenye kila kitu haina sura. Tanga ilikuwa na ufuo wa mikoko wa Ras Kasone, mashamba ya mpira na minazi yaliyowaziba macho makamanda, na mkato wa reli mashariki mwa mji, yaani bonde lililochimbwa kupitisha reli, ambako watetezi walijibanza. Vichore hivyo vitatu kwenye karatasi kabla hujanunua hata gundi. Kipimo chetu ni rahisi: kitu kisichomficha askari, kumchelewesha wala kumzuia ni pambo, na mapambo huja mwisho.

2. Hakikisha inapita mlangoni
Meza ya kawaida ya mchezo wa vita wa visanamu ina sentimita 180 kwa 120. Usiijenge ikiwa nzima! Kata plaiwudi vipande vitatu vya sentimita 60 kwa 120: kimoja ufuo, cha kati mashamba, cha mwisho reli na mji. Mchezo ukiisha vinaegemezwa nyuma ya kabati, na amani inarudi nyumbani.

3. Usishindane na ramani
Kwa visanamu vya milimita 28, kilomita moja ya kweli ingedai meza ya karibu mita 18. Una ukumbi wa harusi? Basi fupisha umbali bila aibu. Kinachotakiwa kuwa sahihi ni vile vinavyosimama karibu na kisanamu: mlango uwe na kimo cha kama sentimita 4, na ukuta wa kujikingia umfike askari kifuani. Hayo yakikaa sawa, macho yatasamehe mengine yote.

4. Boksi moja, mabati bure
Lowesha kidogo upande mmoja wa boksi, kisha bandua karatasi ya juu. Mikunjo inayojitokeza chini ndiyo paa lako la bati, tayari kupakwa kijivu na kutu kidogo. Kuta zikate kwenye foamu nyeupe inayofungiwa televisheni, uzipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na mchanga laini, halafu chokaa au rangi nyeupe ya maji. Ila tahadhari: rangi ya kopo la kupuliza huyeyusha foamu iliyo wazi. Gundi kwanza, kupuliza baadaye.

5. Panda shamba kwa mkasi
Shina la mnazi ni karatasi iliyoviringwa juu ya waya. Makuti ni karatasi ngumu iliyochanwachanwa pembeni. Mikoko je? Chuna waya wa umeme, sokota nyuzi za shaba ziwe shina, kisha zitandaze chini ziwe mizizi. Nyasi zitoke kwenye kamba ya katani iliyokatwa vipande vifupi. Kwa meza ya Tanga, ungetumia nini kingine? Acha angalau sentimita 5 kati ya mti na mti ili mkono wako upite bila kuangusha kikosi kizima.

6. Reli iwe chini, si juu
Wengi hulaza reli juu ya meza na kusahau kwamba ule mkato ndio uliokuwa ngome. Usichimbe plaiwudi, inua ardhi ya pande zote mbili kwa foamu ya sentimita 3, na bonde la reli litajitokeza lenyewe. Reli hiyo, iliyoitwa Reli ya Usambara, ilikuwa na upana wa mita moja, ambao kwenye skeli hii ni karibu milimita 18. Mataruma yatoke kwenye njiti za kiberiti, na kokoto ni mchanga uliochekechwa.

7. Nyuki nao wapewe zamu
Milio ya risasi iliwachokoza nyuki wa mashambani, wakauma bila kuuliza mtu ni wa upande gani. Tundika vijiti vinene vitatu mitini viwe mizinga. Kikosi kikifyatua risasi karibu na mzinga, rusha dadu: ikitoka moja, kikosi kilicho karibu zaidi kinatimua mbio. Hapo ndipo utasikia kelele sebuleni!

8. Rangi moja ya ardhi, kila mahali
Siri ya meza inayopendeza ni ndogo mno. Paka ardhi yote kahawia iliyokolea, ikauke, kisha chovya brashi kwenye rangi hafifu zaidi, ifute karibu yote kwa kitambaa, na uipitishe juu juu. Kila tuta litajitokeza. Rangi hizo hizo zipake kwenye vibao vinavyosimamisha visanamu, na wanajeshi wako wataonekana wamezaliwa pale pale.

Sasa alika wenzako kabla hujamaliza. Naam, kabla! Anza na kipande cha reli na minazi michache, mcheze, halafu ongeza ufuo mwezi ujao. Wageni wakishaahidi kuja Jumamosi, gundi nayo hukauka haraka.