Mzigo Umefika? Upime Leo Hii

Wadogo zangu, ujumbe wa wakala ukiingia kwamba mzigo umefika, mikono huwa inawasha kuchana nailoni palepale kaunta. Subirini kidogo. Washa kwanza kamera ya simu au mpe mwenzako akushikie. Rekodi boksi likiwa bado limefungwa, namba ya mzigo ikisomeka, halafu lifungue bila kukata video mpaka kitu kimetoka na kimewashwa. Video hiyo fupi ndiyo itakayokusemea mbele ya muuzaji aliyeko Shenzhen ambaye hakujui na hatakuja kuonana nawe maisha yake yote.

Nimeamua tuongee hili leo kwa sababu mnaniandikia mkiwa mmeshachelewa. Pawa benki inajaza simu nusu tu, flashi imekula picha za harusi, saa inasoma presha ya mtu aliyelala sawa na ya mtu aliyepanda ngazi. Nikiuliza ulinunua lini, najibiwa miezi mitatu iliyopita, kiliwaka vizuri, nikakiweka. Inaniuma, maana hela ilikuwa bado inaweza kurudi siku ile ya kwanza.

Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Aggrey au Narung'ombe, muone watu wanavyonunua. Hakuna anayetoa noti kabla taa haijachomekwa na redio haijaungurumishwa. Hata winga aliyekuvuta kutoka Msimbazi anajua lazima kijaribiwe, kwa sababu risiti ina maneno yale yale ya kila duka, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kujaribu ndiyo dhamana yako yote. Tulipohamia kununua kwa simu, kwenye AliExpress, Temu na wengine, tabia hiyo tuliiacha kule dukani. Tena huku inahitajika zaidi, maana kitu feki cha siku hizi kinawaka bila shida yoyote. Kinakuonyesha na namba kabisa: asilimia mia, terabaiti mbili, sukari 5.4. Namba hizo zimewekwa na aliyekitengeneza. Kwa hiyo ninachowaomba leo ni kimoja: kitu ukipime siku kilipofika, na ukipime kwa kipimo ambacho hakikutoka kwa aliyekuuzia.

Tuanze na pawa benki, maana ndiyo inayowaliza wengi. Kipimo chake cha kwanza ni mizani. Ndani ya pawa benki nyingi kuna betri za duara zinazoitwa 18650, zenye umbo la betri ya tochi lakini ndefu na nene kidogo. Moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, na hata iliyo bora kabisa hubeba mAh 3,500 hivi. Ukikutana na 18650 iliyoandikwa 9,900, hapo huna haja ya kupima chochote, huo ni uongo wa kwenye karatasi. Sasa piga hesabu: mAh 50,000 zinahitaji betri bora zisizopungua 15, yaani zaidi ya gramu 600 kabla hujaweka kava wala waya. Hata zile betri bapa hazikuokoi kwenye hesabu hii. Pawa benki ya "50,000" inayoingia mfuko wa shati na kupima gramu 220 haiwezekani, hata ingetengenezwa na nani. Mpelekee muuza viungo mwenye mizani ya dijitali, akupimie, upige picha namba ikionekana. Dakika moja imekwisha.

Wajanja nao wanajua habari ya mizani. Kuna pawa benki zilizowahi kufunguliwa zikakutwa na mchanga wa kuongeza uzito. Kwa hiyo ikipita kwenye mizani, ichoshe. Ijaze usiku kucha, kisha ijazie simu zilizoisha mpaka yenyewe izime, ukihesabu. Ya mAh 10,000 iliyo ya kweli haitajaza simu ya mAh 5,000 mara mbili. Itajaza mara moja na nusu hivi. Hapo usimlaumu muuzaji. Betri ya ndani inafanya kazi kwa volti 3.7, pawa benki inatoa volti 5, na katika kubadilisha, umeme mwingine unaishia kuwa joto. Ndiyo maana kwa maandishi madogo nyuma utakuta wameandika uwezo halisi wa 6,000 na kitu. Mwenye kuandika hivyo huwa anasema kweli. Kama unanunua vitu hivi mara kwa mara, au unataka kuuza, tafuta kile kipimo kidogo cha USB kinachochomekwa katikati ya waya na kuonyesha volti, ampea na mAh zilizopita. Si ghali, na kitakulipa kwa mzigo mmoja tu.

Flashi na memori kadi zina ujanja mbaya zaidi, kwa sababu unaugundua siku ya msiba. Ndani wanaweka kumbukumbu ya GB 8 au 16, halafu kidubwasha kinachoongoza flashi kinafundishwa kuiambia kompyuta kuwa ni TB 2. Kompyuta inaamini. Unanakili filamu, zinaingia, majina yote unayaona. Ikishafika GB 16, za mbele zinafuta za nyuma, au zinaandikwa hewani. Ukija kufungua hakuna kitu. Kwenye kompyuta ya Windows ipo programu ya bure inaitwa H2testw, na kwa watumiaji wa Linux na Mac ipo F3. Zinajaza flashi yote kisha zinasoma kila kilichoandikwa na kukwambia ukweli. Huna kompyuta? Mwombe kijana wa stationari, au ijaze wewe mwenyewe video mpaka iseme imejaa, kisha fungua za kwanza, za katikati na za mwisho. Inachukua saa nyingi, nakubali. Ila kabla ya kumaliza hilo, usiweke humo picha ya mtoto wala kazi ya chuo.

Chaja ndiyo inayonikosesha usingizi. Flashi ikidanganya umepoteza faili, chaja ikidanganya mtu anaweza kufa. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 za kughushi zilizobandikwa jina la Apple. Zilizofeli zilikuwa 397, na 12 kati ya hizo zilikuwa na ubovu wa kuweza kumuua mtu kwa shoti. Kazi ya chaja ni kuutenganisha umeme wa volti 230 wa ukutani na volti 5 zinazoingia kwenye kitu ulichoshika mkononi. Katika chaja mbovu, pande hizo mbili zimeachwa karibu karibu, kwa nafasi ya unywele, ili kuokoa plastiki na shaba.

Kwa hiyo ishike kwanza. Ikiwa nyepesi kama ganda tupu, wasiwasi. Soma maandishi: inatakiwa iseme INPUT 100–240V, 50/60Hz. Ikisema 110 au 120 peke yake, imetengenezewa kwao Marekani na hapa itaungua. Hilo wanalipata sana wanaotumiwa pasi na mashine za nywele na ndugu walioko huko. Kisha ichomeke ukiwa umekaa nayo, mchana, kitandani pasiwe na mtu, wala isiwe chini ya mto. Jazia simu kwa saa nzima huku ukiigusa. Uvuguvugu ni kawaida. Ikichoma mpaka unaondoa mkono, ikitoa harufu ya plastiki, au ikilia, basi. Ishara nyingine ni kioo cha simu kurukaruka kikiwa kwenye chaji, kidole kinabonyeza hapa, simu inaandika pale, au kava ya chuma inawasha vidoleni. Toa chaja hiyo, usimgawie mdogo wako wala mfanyakazi wa nyumbani.

Na jambo hili nitalisema hata mkinichoka: acheni kuchomeka kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili ya Kichina iingie. Tundu lile ni la waya wa ardhi, na ndilo linalofungua vifuniko vya usalama vya matundu mawili ya chini. Ukilazimisha hivyo, plagi inakaa kwa kulegea, inacheza, inapata moto, na siku moja ekstensheni nzima inayeyuka. Nunua adapta nzuri ya miguu mitatu yenye fyuzi.

Sasa kuna kile kiboksi cheupe chenye taa ya kijani, kinachouzwa kwamba ukikichomeka ukutani LUKU yako itashuka kwa nusu. Mmeniuliza sana, na ninaelewa. Kodi imepanda, uniti hazikai. Mafundi wamevifungua mara nyingi, na ndani hukutwa kapasita moja, vipande vichache na hiyo taa. LUKU ya nyumbani inahesabu uniti ulizotumia kweli, na kapasita haiwezi kufanya birika lichemshe maji kwa uniti pungufu.

Msiniamini mimi, iulizeni LUKU. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa imp/kWh, mathalani 1000. Maana yake kitaa kikimweka mara 1000 umemaliza uniti moja. Zima kila kitu ndani, friji pia. Weka lita moja ya maji ya bomba kwenye birika la umeme, mwenzako akae kwenye mita, chemsheni mpaka birika lijizime huku akihesabu. Kwa maji ya Dar na mita ya 1000, itakuwa mara 90 hadi 100 na kitu kidogo. Acheni birika lipoe, wekeni tena lita moja ya maji ya bomba kama mwanzo, chomekeni kiboksi, rudieni. Namba itakuwa ile ile. Kama hamjakinunua, hela yake nunueni taa za LED.

Naomba mnisikilize vizuri kwenye saa janja, hasa wenye wazazi wanaoumwa. Zinauzwa saa na pete zinazodai kupima sukari bila kutoboa kidole. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu wasizitumie, na ikasema haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo peke yake. Hapa kwetu vifaa tiba viko chini ya TMDA, muulizeni mfamasia kabla ya kumnunulia mama zawadi ya namna hiyo. Mgonjwa anayechoma insulini kwa kufuata namba ya saa anaweza kujichoma dozi ya kumwangusha. Kama tayari mnayo, ifungeni kwenye ndizi mbivu muone. Zipo zinazoisomea ndizi mapigo ya moyo na presha bila aibu. Mama aendelee na kipimo chake cha kutoboa kidole, saa abaki nayo ya kutazamia muda wa swala na wa dawa.

Simu ni rahisi. Bonyeza *#06#, zitatokea namba 15 za IMEI, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu likitaja aina nyingine tofauti na hiyo uliyoishika, jua imeghushiwa. Tangu tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu feki, hakuna sababu ya kubahatisha.

Nirudi kwenye muda, maana wengi wenu mnanunua kupitia wakala mwenye ghala Guangzhou. Sheria ya China tangu Machi 2014 inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 7 za kurudisha bidhaa nyingi bila kueleza sababu. Lakini siku hizo zinahesabiwa tangu mzigo upokelewe, na aliyeupokea ni wakala wako kule. Mzigo wa meli unakaa mwezi na zaidi baharini, ukifika bandarini kwetu zile siku zilishakwisha zamani. Dawa yake ni kumlipa wakala kidogo aufungue kule kule, awashe, apige picha, na akutajie uzito kwa gramu. Mizani anayo, si ndiyo anayokutoza nayo? Pawa benki ya gramu 220 inakataliwa Guangzhou kabla hujalipia nauli.

Ukinunua kwenye jukwaa linaloleta mpaka Dar, angalia ndani ya programu siku ya mwisho ya kulalamika na uiandike. Ukilalamika, acha hasira, weka namba: kilichoandikwa ni 50,000, uzito ni gramu 220, imejaza simu ya 5,000 mara moja, picha na video hizi hapa. Muuzaji atakuja kwa upole, rafiki, funga lalamiko kwanza halafu nitakurudishia. Usifunge. Kwenye majukwaa mengi likifungwa halifunguki tena. Mwambie arudishe kwa njia ile ile ya jukwaa, na lalamiko libaki wazi mpaka hela imesoma kwenye akaunti yako.