Somo la Hesabu: Duka Lipi Linauza Rahisi?

Siku hizi mtu wa kijijini hana duka moja tu. Tuangalie Samuye. Kijiji kiko kando ya barabara ya lami inayotoka Shinyanga mjini kwenda Tinde. Mtu wa hapo ana duka la jirani yake, ana maduka ya kituoni, ana mnada siku yake ikifika, na akipanda gari anafika mjini kwenye maduka ya jumla. Sasa swali ni hili: mama mwenye shilingi 20,000 mkononi, azipeleke wapi?

Ukiuliza watu watakujibu upesi. "Duka lile ni rahisi, hili ni ghali." Ukiwauliza wamejuaje, wanasema, "Kule sukari ni mia tano, huku wanataka mia nane." Basi hapo ndipo somo letu linapoanza. Mia tano ya sukari kiasi gani? Na mia nane ya kiasi gani? Bila kujua uzito, mtu hajalinganisha kitu. Ametaja namba mbili tu.

Chukua kalamu na daftari tufanye pamoja. Bei nitakazoandika ni za mfano, maana bei hupanda na kushuka. Wewe utaweka bei za kwenu.

Duka la kwanza linauza sukari kilo moja Sh. 3,000/=. Duka la pili linauza robo kilo Sh. 800/=. Robo nne ni kilo moja. Kwa hiyo 800 mara 4 ni Sh. 3,200/=. Duka la tatu lina vifuko vilivyofungwa tayari, kila kimoja Sh. 500/=. Ukikiweka kifuko kwenye mizani unakuta gramu 150. Vifuko 20 ni gramu 3,000, yaani kilo tatu. Vifuko 20 kwa Sh. 500/= ni Sh. 10,000/=. Gawanya kwa tatu. Kilo moja inakuwa Sh. 3,333/= na senti zake.

Umeona? Duka la "mia tano" ndilo ghali kuliko yote. Nyumba inayotumia kilo tatu kwa mwezi italipa Sh. 10,000/= kwa vifuko, na Sh. 9,000/= kwa kilo. Tofauti ni shilingi elfu moja kwa mwezi, elfu kumi na mbili kwa mwaka. Hizo ni daftari za mtoto, na kalamu juu.

Simlaumu anayenunua kifuko. Mwenye mia tano peke yake hawezi kununua kilo, hata awe hodari wa hesabu namna gani. Wala mwenye duka siyo lazima awe mwizi, kwa sababu kupima na kufunga vifuko ni kazi. Lakini ni vizuri mnunuzi ajue analipa nini. Akijua, huenda siku ya kuuza kuku au mayai akanunua kilo nzima, na mwezi unaofuata akaweza tena.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mafuta ya kula, kwa lita. Fanya kwa sabuni pia. Mche wa Sh. 3,000/= ukikatwa vipande sita vya Sh. 600/=, wewe mwenye kununua vipande umelipa Sh. 3,600/=. Halafu, kwa sabuni, uzito peke yake hautoshi. Sabuni mbichi ni nzito kwa sababu ya maji, na ukiilaza kwenye maji inayeyuka upesi. Akina mama wengi wanalijua hili bila kufundishwa: wananunua mche na kuuacha juu ya kabati ukauke kwanza.

Wazee wetu waliofanya mtihani wa kisomo wa Agosti 1975 hawakuhitaji sana kulinganisha maduka namna hii. Tangu mwaka 1973 kulikuwa na Tume ya Bei ya taifa, na bei za bidhaa nyingi zilipangwa na Serikali. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa, na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya kijiji na ya ushirika. Bei ilikuwa moja. Shida ilikuja kuwa bidhaa yenyewe, hasa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Sabuni, sukari, chumvi, khanga, vyote vilikuwa adimu. Watu walipanga foleni bila kujua kama kitu kitawafikia. Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na bidhaa zikarudi. Bei nazo zikaachwa kidogo kidogo mikononi mwa wauzaji na wanunuzi. Leo, kwa vitu vingi vya dukani, hakuna mtu anayetupangia bei. Rafu zimejaa, na kazi ya kulinganisha imebaki kwetu.

Sasa tuje kwenye mizani, maana hesabu yetu yote imesimama juu ya mizani. Kilo isipokuwa kilo, hesabu ni bure. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, ndio wenye kazi ya kukagua mizani ya biashara na kuiwekea alama. Mizani ikaguliwe kila mwaka. Ukiingia dukani tafuta alama hiyo na usome mwaka wake. Kisha tazama mizani ikiwa tupu. Mshale usimame kwenye sifuri. Kama ni mizani ya sahani mbili, sahani zilingane kabla ya kuwekwa kitu. Na mawe ya mizani yawe ya chuma yenye namba, siyo jiwe la mtoni au betri kuukuu.

Kuna njia ya nyumbani ya kujaribu mizani. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Nunua au chukua chupa ya maji ya lita moja iliyojaa, uiweke kwenye mizani ya dukani. Inapaswa kusoma kilo moja na kidogo, kwa sababu ya uzito wa chupa yenyewe. Ikisoma kilo moja na robo, basi mizani hiyo inakuibia katika kila kilo. Ya nusu lita nayo inapaswa kusoma nusu kilo na kidogo. Fanya kwa upole, bila kelele. Sema tu, "Baba, naomba nipime chupa yangu." Mwenye duka mwaminifu hatakasirika.

Mnadani mambo ni mengine, kwa sababu huko vitu vingi hupimwa kwa debe, kwa sado na kwa kopo. Tazama chombo chenyewe. Sado iliyobonyezwa kitako inapoteza nafaka kila inapochotwa. Tazama pia kama muuzaji anajaza hadi kilele au anasawazisha kwa mkono. Wawili wanaweza kutaja bei moja, mmoja akakupa zaidi kwa kilele tu.

Baada ya uzito na bei, tazama ubora. Kitu rahisi kilichoharibika ni ghali. Kwenye pakiti soma tarehe. Herufi EXP maana yake ni mwisho wa kutumia. Ikiandikwa 03/2026, ni mwezi wa tatu mwaka 2026, na baada ya hapo usinunue hata ukipunguziwa bei. Tafuta alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Chumvi nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, maana madini joto huzuia tezi la shingo na husaidia mtoto akue vizuri tumboni na baada ya kuzaliwa. Chumvi iliyoachwa wazi juani mnadani hupoteza madini hayo, hata kama yalikuwamo. Duka linaloweka mafuta ya taa karibu na unga na sukari, liache. Harufu hiyo haitoki.

Na hili la mahindi nalisema kwa mkazo. Mahindi au karanga zenye ukungu huuzwa bei ya chini, na mwenye njaa huona amepata. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na wengine walikufa. Kuosha hakuiondoi, kupika hakuiondoi.

Turudi kwenye safari ya mjini. Wengi husema, "Mjini rahisi." Tupige hesabu ya mama mmoja anayetaka sukari kilo mbili, mafuta lita moja, mche mmoja wa sabuni na pakiti mbili za chumvi. Kijijini: sukari 6,400, mafuta 6,500, sabuni 3,500, chumvi 1,000. Jumla Sh. 17,400/=. Mjini: sukari 5,800, mafuta 6,000, sabuni 3,000, chumvi 800. Jumla Sh. 15,600/=. Kweli mjini amepunguza Sh. 1,800/=. Lakini nauli ya kwenda na kurudi, tuseme, ni Sh. 4,000/=. Amepata hasara ya Sh. 2,200/=, na siku nzima ya palizi imepotea. Kama alikuwa anakwenda mjini kwa jambo jingine, hospitali labda, basi anunue huko huko, maana nauli ameshalipa.

Sasa wakiwa akina mama kumi wenye mahitaji hayo hayo, wakamtuma mmoja? Punguzo ni 1,800 mara 10, yaani Sh. 18,000/=. Toa nauli 4,000. Toa ya mzigo, tuseme 3,000. Inabaki Sh. 11,000/=. Kila mmoja amebakiwa na Sh. 1,100/=. Na huenda wakauziwa bei ya jumla, ikazidi hapo. Kinachohitajika ni orodha iliyoandikwa vizuri, na risiti isomwe mbele ya wote mzigo ukifika. Mahali ambapo hakuna anayejua kusoma risiti, jambo hili huvunjika kwa kutoaminiana hata kabla ya safari ya pili.

Nimeacha mkopo mwisho kwa sababu ndio mzito. Kuanzia Desemba hadi Februari, pamba iko shambani, mpunga uko majarubani, ghala limebaki na michembe kidogo. Wakati huo duka bora ni lile linalokopesha. Mwenye duka wa mjini hatakukopesha sukari ya uji wa mgonjwa saa mbili ya usiku. Wa kijijini atakukopesha. (Wengine humwita "Mangi", ingawa ni Msukuma mwenzao kabisa.) Huduma hiyo ina thamani, na ni haki kuihesabu unaposema duka lake ni ghali.

Lakini nayo ihesabiwe kwa namba. Kuna mkopo wa bidhaa unaolipwa kwa fedha: robo ya sukari ya 800 unaandikiwa 1,000. Hapo unajua umelipa 200 zaidi. Kuna mwingine unaolipwa kwa mazao. Mama anachukua bidhaa za Sh. 30,000/= Januari, anaahidi gunia moja la mpunga wakati wa mavuno. Juni inafika, gunia lile lingeuzwa, tuseme, Sh. 70,000/=. Amelipa 70,000 kwa bidhaa za 30,000. Arobaini elfu zimekwenda, na aliyepalilia ni yeye na watoto wake. Huko ni kuuza mpunga ungali mbichi. Ukilazimika kukopa, kopa kwa bei ya fedha iliyotajwa siku ile ile, kisha uza mpunga mwenyewe ulipe fedha.

Jambo jingine ni daftari la mkopo. Kwa kawaida ni moja, na linakaa kwa mwenye duka. Mwanakisomo mmoja, mama mtu mzima, alipomaliza kisomo aliomba alione jina lake dukani. Alisoma polepole kwa kidole. Alikuta miche miwili ya sabuni siku aliyochukua mmoja. Mwenye duka aliita kijana wake aliyeandika, wakakubaliana, ukafutwa. Hakukuwa na ugomvi. Tangu hapo mama yule anakwenda na daftari lake dogo. Kila akikopa wanaandika mara mbili, la duka na lake: tarehe, kitu, kiasi, bei. Wote wawili wanatia sahihi.

MASWALI YA KUJADILIANA NA WENZAKO

1. Mafuta ya lita moja ni Sh. 6,000/=. Robo lita ni Sh. 1,700/=. Anayenunua robo nne amelipa kiasi gani zaidi?

2. Taja maduka matatu unayonunua. Andika bei ya kilo ya sukari katika kila moja. Je, mizani zake zina alama ya mwaka huu?

3. Nauli ya kutoka kwenu hadi mjini ni kiasi gani? Wanahitajika watu wangapi kununua pamoja ili safari ilipe?

4. Una deni dukani? Je, umewahi kulisoma mwenyewe?