SOMO LA ROBO HII: BAADA YA HARAMBEE, NANI ANAMFUATILIA MWANAFUNZI CHUONI?



Kila mwaka, vyuo vikuu vinapokaribia kufunguliwa, sharika zetu hufanya kazi nzuri. Jina la kijana aliyepata nafasi linasomwa kanisani, harambee inafanyika, watu wanatoa fedha, ndoo, godoro na baraka. Kisha basi linaondoka, na wengi wetu tunadhani kazi imekwisha. Katika somo hili tunapenda kuonyesha kwamba hapo ndipo inapoanza.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita kijana mmoja tuliyemchangia alirudi nyumbani kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Kamati iliandika katika taarifa yake: "Ameshindwa masomo." Tulipomtembelea tulikuta hakushindwa mtihani wowote, kwa kuwa hakufanya hata mmoja. Jina lake halikutoka katika awamu za kwanza za mkopo. Mchango wetu uliishia kwenye nauli, chumba na sehemu ya ada, naye aliona aibu kuomba tena. Alifunga begi akaondoka bila kuaga wala kuandika barua ya kuahirisha masomo. Chuo kikamhesabu mtoro, na nafasi ikapotea.

Tulipofuatilia chuoni tuliambiwa kwamba angeweza kuomba kulipa ada kidogo kidogo, kukata rufaa ya mkopo, au kuahirisha mwaka kwa utaratibu. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwelekeza mlango wa kubisha, maana sisi wenyewe hatukuujua. Baada ya miaka miwili aliomba chuo kingine na kuanza upya mwaka wa kwanza.

Milango minne ya kuifahamu

1. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ofisi hii hushughulikia malazi, afya, ushauri nasaha, misiba na mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Vijana wengi huikwepa wakidhani ni ya kuitwa ukikosea tu. Mwanafunzi anapougua, kufiwa au kuishiwa, aanzie hapa mapema, kabla tatizo halijawa kubwa.

2. Dawati la mikopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo una mafungu: ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, pamoja na fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita "bumu". Mwaka 2023 fungu hilo lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Majina hutoka kwa awamu, na baadaye hufunguliwa dirisha la rufaa. Asiyejisajili au asiyesaini hapati fedha hata kama jina lake lipo. Na aliyeacha masomo katikati bado anadaiwa kile alichokwisha kupokea.

3. Vikundi vya wanafunzi wenyewe. Kuna serikali za wanafunzi, kama DARUSO katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambazo hupeleka malalamiko kwa uongozi wa chuo. Kuna pia vikundi vya Kikristo kama USCF na TAFES, vinavyokutana kwa ibada na kusaidiana. Wanafunzi wenzake ndio wa kwanza kugundua kwamba mtu hajala tangu jana. Mzee wa kanisa aliye kilomita 600 hawezi kuliona hilo.

4. Wahitimu. Vyuo vingi vina umoja wa wahitimu, ambao baadhi huuita Baraza la Masajili. Sisi sharikani tuna wahitimu wetu pia, lakini huwa tunawakumbuka wakati wa michango tu, kisha tunalalamika kwamba wamesahau nyumbani. Tukumbuke kwamba tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa mwenye deni la mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Wengine hawajapata ajira. Tuwaombe kwanza muda wao: kumpokea mgeni stendi, kumsaidia kujaza fomu, kumpigia simu. Mwenye uwezo wa fedha atatoa bila kusukumwa.

Tunachopendekeza

Kwanza, fedha ya harambee isitolewe yote siku ya kuaga. Theluthi moja ibaki kwa mhazini kwa ajili ya muhula wa kwanza, na itolewe kwa maandishi.

Pili, kila mwanafunzi awe na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina, ikiwezekana mhitimu, atakayempigia simu kila mwezi. Asiulize tu "Unaendeleaje?", maana jibu litakuwa "Namshukuru Mungu." Aulize: Umeshasajiliwa? Umesaini? Unakula wapi?

Tatu, kabla ya safari kijana aandikiwe kwenye karatasi milango hii minne na kuelezwa kwamba kuomba msaada si aibu.

Kwa wafadhili wetu: mnapotuuliza ni wangapi tumewapeleka chuoni, tuulizeni pia ni wangapi wamefika mwaka wa pili. Hesabu hiyo ya pili ndiyo itakayotufanya tuwe makini.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Usharika wetu una wanafunzi wangapi vyuoni sasa? Nani alizungumza nao mwezi uliopita?

2. Je, kuna kijana aliyerudi nyumbani ambaye tuliandika "ameshindwa" bila kumsikiliza? Nani ataenda kumwona, na lini?

3. Wahitimu wetu watatu wa karibu ni akina nani, na tutawaomba nini kisichokuwa fedha?

Tunawatakia majadiliano mema. Tunaomba majibu ya swali la pili yaletwe ofisi ya miradi ya dayosisi kabla ya toleo lijalo.