Somo la Vikundi: Majani ya Kiungo, Chumvi na Presha



Mwezi huu tunajifunza juu ya majani ya kiungo. Someni somo hili pamoja, mmoja akisoma kwa sauti, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho.

Tuanze na kawaida yetu ya jikoni. Sukuma wiki ikikosa ladha, tunaongeza chumvi. Maharagwe yakikosa ladha, ni chumvi tena, na juu yake kile kiungo cha unga cha pakiti, ambacho nacho kina chumvi nyingi. Chumvi ikizidi mwaka baada ya mwaka hupandisha shinikizo la damu, yaani presha. Na presha haipigi hodi. Mtu anajiona mzima, analima, anakamua ng'ombe, kumbe mishipa inaumia ndani. Siku moja anapooza upande mmoja, na nyumba nzima inabaki kumuuguza.

Chumvi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku. Hicho ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Kwa hivyo, katika nyumba ya watu wazima 5, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Tusiache chumvi kabisa, maana chumvi ya dukani imetiwa madini ya ayodini yanayozuia uvimbe wa shingo. Tupunguze tu, na majani yatusaidie kuleta ladha.

Majani matano ya kuanza nayo

1. Dania. Katakata na utie mwisho kabisa, sufuria ikishaepuliwa. Ikipikwa sana inapoteza harufu na vitamini C. Vitamini hiyo, kama ile ya ndimu na nyanya, husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mboga.

2. Rozimari. Kijitawi kimoja kinatosha sufuria ya viazi au nyama. Ukizidisha, chakula kitakuwa kichungu.

3. Mnanaa, au minti. Hutiwa kwenye chai, kachumbari na njegere. Wengi huunywa tumbo likijaa gesi.

4. Mchaichai. Chemsha majani yake upate kinywaji chenye harufu nzuri, hata bila majani ya chai. Ukizoea, utapunguza na sukari.

5. Thabai. Hili si la kununua, linajiotea. Chuma vichomozo vichanga kabla halijatoa maua, ukivaa glavu au kufunga mkono kwa kitambaa. Likichemka, haliwashi tena. Liponde katika mukimo pamoja na viazi, mahindi na maharagwe. Lina madini ya chuma na ya chokaa. Usichume kando ya barabara kuu wala karibu na shamba linalopulizwa dawa ya wadudu.

Jambo moja zaidi: chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri. Kula kwanza, chai ingoje kama saa moja. Hili ni muhimu hasa kwa mama mjamzito.

Kiungo si daktari

Hapa tusikilizane vizuri. Kuna watu wanaoacha vidonge vya presha au vya sukari kwa sababu wameanza kunywa maji ya kitunguu saumu. Jamani, hiyo ni hatari. Majani ni chakula. Yanasaidia kulinda afya, lakini hayashiki nafasi ya vidonge. Aliyeandikiwa dawa asiache bila kuongea na daktari au nesi. Mtoto anayehara apewe maji yenye chumvi za hospitali (ORS) na apelekwe kliniki, si kupewa mnanaa peke yake. Mama mjamzito aweke kiungo kwenye chakula kwa kiasi cha kawaida, lakini asinywe maji makali ya mizizi na majani yaliyochemshwa.

Kupanda hapa kwetu Ndabibi

Mvua yetu ni ya kubahatisha, na udongo mwepesi hukauka upesi. Panda karibu na mlango wa jikoni, ambapo maji ya kuoshea mboga yatamwagwa. Weka nyasi kavu juu ya udongo. Dania, panda mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili, kwa sababu hukimbilia kutoa maua. Mnanaa, upande kwenye debe kuukuu lililotobolewa chini, usije ukateka shamba zima. Rozimari hukua kutoka kijitawi kilichokatwa, na ikishashika huvumilia kiangazi. Mchaichai, gawa shina kwa jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Pakiti ya chumvi nyumbani kwako huchukua siku ngapi kuisha? Ni watu wangapi wanaokula?
2. Nani katika kikundi hajapimwa presha mwaka huu? Pangeni siku ya kwenda pamoja.
3. Nani ana mbegu au kijitawi cha kugawia wenzake?

Kazi ya nyumbani: andika kwenye pakiti mpya ya chumvi tarehe uliyoifungua. Kwenye mkutano ujao kila mmoja aeleze ilidumu siku ngapi, au imebaki kiasi gani.